Mguu wa Baba Shamimu (kikundi: Tumbo Moja)

Mama Shamimu: Asalam alaykum wanandugu. Baba Shamimu leo siku ya 3 hajalala, mguu wa kulia unamuwaka moto toka kalioni hadi dole gumba, akipiga chafya ndo balaa

Shangazi Rukia: Waalaykum salam, pole yake jamani. Kuna mzee huku kwetu anakanyaga mgongo unalia ko unaondoka unatembea

Idi: Shangazi naomba asikanyagwe mtu 🙏🏾

Shangazi Rukia: Haya daktari

Idi: Mi fizio tu shangazi, mtu wa tiba ya viungo 😂 kaka ilianzaje?

Baba Shamimu: Nilinyanyua mfuko wa simenti nikageuka nao, kiunoni pakakata. Mguu umekuja baada ya siku 2. Asa nilichoumia mgongo mguu umeingiaje

Idi: Kati ya pingili na pingili kuna diski, nje ganda gumu ndani ute mzito, ukiinama na mzigo ukajipinda ganda linaweza kuchanika kwa nyuma ute ukasukumwa nje, na hapo nyuma ndo inapita mizizi ya neva za mguuni. Diski ya kati ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno mara nyingi inabana mzizi wa neva unaoitwa L5, na L5 inashuka ubavu wa muundi hadi juu ya unyayo na dole gumba. Neva imebanwa kiunoni ila kilio kinasikika mguuni

Dula: Kama jipu basi

Idi: Jipu lina usaha, hapa hamna. Ila kubanwa peke yake sio yote, vimishipa vya damu vinavyoulisha mzizi navyo vinabanwa, mzizi unavimba, afu ule ute wenyewe una kemikali zinazoichoma neva, ndo maana mwingine diski imetoka kidogo tu anakesha na mwingine ya kwake kubwa kwenye picha ya MRI na anacheza mpira

Idi: Kaka inua madole gumba yote mawili, shem uyasukume chini kwa kidole

Mama Shamimu: La kushoto gumu. La kulia nikigusa tu linalala

Mama Shamimu: Kumbe ndo maana wiki hii ndala ya kulia inamvuka njiani na yeye anaenda tu hana habari, Shamimu ndo anarudi kuiokota, mi nikajua ndala mbovu

Idi: Ndala nzima shem. Neva ya kunyanyua wayo imeanza kulegea

Idi: Bi Mkubwa fumba macho kidogo. Kaka mkojo unatoka vizuri? Ganzi makalioni na sehemu za siri?

Bi Mkubwa: Nimezaa 7 unanifumbisha macho yapi

Baba Shamimu: Mkojo sawa. Ganzi juu ya unyayo tu

Idi: Alhamdulillah. Mkojo ukigoma au ganzi ikija huko ni hospitali usiku huohuo hamna kusubiri kukuche. Ila kwa dole hilo kesho daktari akuone

Shangazi Rukia: Atapasuliwa??

Idi: Wengi hawafiki huko, wiki 6 hadi 12 wanapata nafuu, mwili wenyewe unakula ule ute uliotoka. Mguu ukizidi kulegea ndo wanafikiria kupasua. Na usilale kutwa kaka, tembea kidogo kidogo

Shangazi Rukia: Basi nimzuie yule mzee, nlishamtumia nauli

Bi Mkubwa: Nauli ya nani wifi?

Shangazi Rukia: Ya kwenye mchango wa kikundi 🙈