Nimemhamishia mjamzito kazi nyepesi, sasa hanisemeshi

Msimamizi_wa_Zamu: Wakuu habari zenu. Nasimamia watu 14 kitengo cha kufungasha. Mmoja ana mimba ya miezi sita. Juzi nilimkuta amekaa juu ya katoni, kavua viatu, miguu imevimba hadi alama za kamba zimebaki kwenye ngozi. Kesho yake nikamtoa laini, nikampa meza aandike stakabadhi, na zamu za usiku nikamfutia. Tangu hapo ni "sawa bosi" tu, macho chini. Nimekosea wapi?

MamaPacha: Kaka, ulimuuliza? Usiku kuna posho, na mwenzio anajikusanyia vitu vya mtoto. Umempunguzia mzigo na kipato kwa mpigo. Mimi nilichotaka ni kiti, na kwenda msalani bila kuomba kama mwanafunzi. Ilifika mahali sinywi maji asubuhi nisije nikaomba ruhusa mara tano.

Jongoo: Mimba si ugonjwa. Bibi zetu walilima mpaka siku ya uchungu.

Mkunga_Mstaafu: Jongoo, na waliofia hukohuko nani anawasimulia? Mleta mada, miguu kuvimba jioni ni kawaida. Asisimame mfululizo, ila hata hiyo meza yako asiigande kutwa, kukaa sana kunaongeza hatari ya damu kuganda. Ukiona uso na mikono vimevimba ghafla, au analalamika kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, usimwambie akapumzike. Hospitali, saa hiyohiyo. Huenda ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Halafu kliniki: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8, na 5 kati ya hayo ni miezi mitatu ya mwisho. Jipangeni mapema.

Kifungu_kwa_Kifungu: Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unasema mjamzito *asilazimishwe* kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto. Haukukupa wewe kazi ya kumwamulia. Angalia kama nchi yenu imeuridhia, na sheria yenu inasemaje.

Msimamizi_wa_Zamu: Nimekaa naye leo. Usiku kweli ulikuwa unamshinda, kilichomuuma ni posho, na kusikia habari zake kwenye ubao wa zamu kabla sijamwambia. Hilo la ubao nimemwomba radhi. Posho nimeipeleka kwa mhasibu, bado kimya. Anarudi laini mchana, upande wa lebo, asinyanyue katoni. Kiti kirefu nimekipata stoo, mguu mmoja unacheza, fundi yuko nacho.

MamaPacha: Kikaliwe kwanza na wewe.