Soldier Field, soka na mpira wa Kimarekani: nyasi zibaki au litandikwe kapeti?

Mwana-Ratiba (mwanzisha mada)

Wakuu, hadi msimu wa 2025 klabu tano za MLS (ligi kuu ya soka ya Marekani) zilikuwa zinachangia uwanja na timu ya NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani): Seattle, Atlanta, New England, Charlotte na Chicago. Nne kati ya hizo zilikuwa zinachezea kapeti, yaani nyasi bandia. Chicago pekee ndiyo ilikuwa imebaki na nyasi halisi, na ndiyo iliyokuwa ikilalamikiwa kila mwaka.

Soldier Field, uwanja wa Chicago, ni mali ya umma chini ya Chicago Park District, mamlaka ya bustani za jiji. Bears, timu ya NFL, wapo pale tangu 1971, Chicago Fire, klabu ya soka, walirudi 2020 wakitokea Bridgeview, na kiangazi kizima kuna matamasha. Tarehe 5 Agosti 2022 Elton John alitumbuiza pale. Siku nane baadaye Bears wakacheza mechi ya maandalizi na Kansas City Chiefs kwenye uwanja uliochunika, picha zikasambaa, na JC Tretter, aliyekuwa akiongoza chama cha wachezaji wa NFL, akalalamika hadharani. Kabla ya mechi ya kwanza ya ligi, Septemba 11, nyasi zote zilikuwa zimebadilishwa, ikawekwa aina nyingine kabisa.

Naomba tujadili kwa vipimo. Je, uwanja wa namna hii unaweza kubaki na nyasi, au Chicago ifuate wenzake wanne?

Upepo wa Ziwa

Kapeti, na mfano upo Foxborough. Gillette Stadium ilifunguliwa 2002 ikiwa na nyasi halisi, ikatumiwa na Patriots wa NFL na New England Revolution wa soka. Novemba 12, 2006 Patriots walicheza na Jets kwenye mvua, uwanja ukageuka tope. Hawakusubiri msimu uishe. Novemba 26 walicheza tayari juu ya kapeti, na wageni wao siku hiyo walikuwa hao hao Bears. Mwenye timu zote mbili ni mtu mmoja, Robert Kraft, kwa hiyo hakukuwa na klabu ya kulaumu klabu nyingine. Aliangalia hesabu akaamua.

Kapeti la sasa si lile lililochuna magoti ya watu miaka ya 1980. Nyuzi zina urefu wa milimita 50 hadi 60, katikati yake unajazwa mchanga wa silika na punje za mpira, na chini kunalazwa godoro la kupunguza mshtuko. Linadumu miaka 8 hadi 10. Kazi yake ya kila wiki ni kupigwa brashi ili nyuzi zisimame, na kujaziwa punje pale zinapokimbia: alama ya penalti, kwenye kona, na katikati wanapokabana wale wa mstari wa mbele. Tamasha Ijumaa, mechi Jumapili, hakuna kinachokufa.

Anayetaka nyasi atueleze atafanyaje Novemba, Chicago, pembeni ya ziwa.

Ukoka Halisi

Hebu tuanze na nyasi zenyewe, maana watu wanasema "nyasi" kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa miaka mingi Soldier Field ilikuwa na ile inayoitwa bluegrass ya Kentucky. Ni nyasi ya baridi. Inatambaa kwa vizizi vya chini ya udongo, kwa hiyo ikichimbuka inajiziba yenyewe, lakini polepole, na mbegu yake huchukua wiki mbili hadi tatu kuchipua. Inapenda Mei na Septemba. Julai na Agosti inanyong'onyea kwa joto, na hiyo ndiyo miezi ya matamasha. Yaani inapigwa ikiwa mgonjwa.

Septemba 2022 wakaweka Tahoma 31, aina ya nyasi iliyozalishwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma. Hiyo ni bermuda chotara, na bermuda si mgeni kwetu: ni ukoka. Upande mmoja wa uzao wake ni ukoka wa kawaida unaoujua shambani, upande mwingine ni jamaa yake kutoka Afrika Kusini. Anayelima anajua ukoka ulivyo mbishi, unaukata leo na wiki ijayo umerudi, kwa sababu unatambaa juu na chini ya udongo kwa pamoja. Tahoma 31 ilichaguliwa kwa kuvumilia baridi kuliko ukoka mwingine.

Lakini kuvumilia baridi maana yake ni kutokufa. Haina maana ya kukua. Ukoka unakua vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 18 na zaidi. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 10 unalala: unabadilika rangi kuwa ya majani makavu na haujizibi tena. Shimo lililochimbwa Novemba litabaki shimo hadi Mei. Ndiyo maana Septemba unapandia juu yake nyasi ya rai, ambayo huchipua ndani ya siku 5 hadi 7. Rai inaleta rangi na kushika njumu kidogo. Haitambai, kwa hiyo ikichimbuka imekwenda, unapanda tena.

Na ukizidisha rai unajikwaa kwingine. Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2023 kule Glendale ilichezwa juu ya Tahoma 31 iliyopandiwa rai, na wachezaji waliteleza mechi nzima mbele ya dunia. Majani ya rai machanga yana maji mengi na laini, njumu inapita juu yake kama juu ya sabuni.

Kwa hiyo Upepo wa Ziwa, jibu la Novemba ni hili: Novemba hukuzi kitu. Unatumia ulichokijenga kuanzia Mei hadi Septemba. Ukikiharibu Agosti kwa jukwaa, huna cha kutumia.

Kokoto na Mchanga

Mmebishana juu ya majani. Matatizo mengi yapo sentimita 40 kwenda chini, na kwenye namna mikeka ya nyasi inavyowekwa.

Uwanja wa kiwango hicho hujengwa hivi: mabomba yenye matundu, ya kipenyo cha milimita 100, yakipishana kila mita 5 hivi, juu yake kokoto sentimita 10, juu ya kokoto mchanga sentimita 30. Mchanga wenyewe uwe wa punje za robo milimita hadi milimita moja, uliochanganywa na mboji kidogo, asilimia 10 hadi 20. Mchanga huo unapitisha maji haraka na haushindiliki hata ukikanyagwa na wanaume wa kilo 140. Ubaya wake ni kwamba peke yake haujishiki. Kinachoushika ni mizizi. Mizizi ikiwa mifupi, mchanga unakatika kama keki iliyokauka.

Sasa unaleta mkeka uliolimwa kwenye udongo wa mfinyanzi, unaulaza juu ya mchanga. Maji yananing'inia kwenye ule mfinyanzi, hayashuki. Mizizi inakuta maji juu, haina sababu ya kwenda chini. Wiki mbili baadaye juu pako rojorojo, chini pamekauka, na unaweza kuunyanyua mkeka kwa mkono mmoja. Mkeka lazima ulimwe shambani kwenye mchanga unaolingana na wa uwanjani. Sharti hilo liwe kwenye mkataba, na sampuli ipimwe maabara kabla ya kukatwa.

Kingine ni unene. Mkeka mwembamba wa sentimita 2 unahitaji wiki tatu au nne za kiangazi ili uote. Kama una siku tano, lazima ukate mnene, sentimita 4, unaotulia kwa uzito wake. Mita moja ya mraba ya mkeka huo ni kama kilo 60. Uwanja wa mita za mraba 8,000 ni takriban tani 480, lori 24 za tani 20. Unachuna nyasi za zamani kwa mashine, unasawazisha kwa leza, unalaza mikeka ukiisukuma ibanane bila kuivuta, unapiga rola, unafagilia mchanga kwenye maungio. Kazi za haraka huharibikia kwenye maungio. Agosti 2011 Bears walifuta mazoezi ya wazi mbele ya mashabiki pale pale Soldier Field kwa sababu ya maungio yaliyokuwa yameachana. Mchezaji akikita njumu kwenye ufa ule, mguu unabaki na mwili unakwenda.

Na kama unadhani nyasi mpya ni dawa ya kila kitu, kumbuka uwanja wa Azteca, Mexico City, 2018. Waliweka nyasi mpya zilizochanganywa na nyuzi bandia, klabu za soka za América na Cruz Azul zote zilikuwa zinacheza pale, matamasha yapo, mvua zikanyesha. Novemba 13 NFL ikaihamishia Los Angeles mechi ya Rams na Chiefs, zikiwa zimebaki siku sita. Zile nyuzi zinasaidia pale tu mizizi ya nyasi inapopata muda wa kuzizunguka.

Si kila mara unahitaji kubadilisha uwanja mzima, tena. Ukanda wa katikati wa mita 55 kwa 10 unatosha mara nyingi: tani 33, lori mbili, usiku mmoja.

Upepo wa Ziwa

Nakubali hoja ya mizizi, na ya Azteca sina la kupinga. Lakini unanithibitishia ninachosema. Lori 24 za nyasi, mara mbili au zaidi kwa mwaka, halafu bado unaomba mvua isinyeshe?

Dada Mizani

Naomba niingilie kwa vipimo vya uwanja, kwa sababu watu wa soka wanadhani wanagombania majani tu.

Uwanja wa NFL ni mita 109.7 kwa 48.8. Wa soka ni 105 kwa 68. Ukiuweka mmoja juu ya mwingine, kila upande unabaki ukanda wa karibu mita 10 ambao kwenye soka ni njia ya beki wa pembeni na winga, lakini siku ya NFL ndipo wanaposimama wachezaji wa akiba, makocha, kamera na vigari vya majeruhi kwa saa tatu. Udongo pale haukatwi, unashindiliwa. Mashine ya kutoboa ipite pale kila baada ya mechi, si katikati tu.

Kwenye magoli ni kubaya zaidi. Lile eneo la mwisho la uwanja wa NFL linalopakwa rangi na jina la timu lina kina cha mita 9.1. Boksi dogo la kipa, mita 5.5, linaingia lote ndani yake. Kipa anacheza juu ya rangi. Rangi ikipakwa wiki baada ya wiki inajenga gamba: jani halipati mwanga, maji yanateleza juu, mzizi unafupika. Inatakiwa rangi ya kutoka, inayopuliziwa dawa yake, ikasuguliwa kwa brashi za kuzunguka na kusuuzwa kwa maji mengi. Kuifunika kwa rangi ya kijani kunaongeza tabaka jingine juu ya lile lile.

Kuhusu kapeti na magoti: chama cha wachezaji wa NFL, kikitumia takwimu za ligi yenyewe za 2012 hadi 2018, kilisema majeraha ya miguu yasiyotokana na kugongana yalikuwa mengi kwa asilimia 28 kwenye kapeti kuliko kwenye nyasi, na ya kifundo na wayo kwa asilimia 69. Sababu inaeleweka kwa fundi yeyote. Nyasi ikizidiwa inang'oka na kuuachia mguu. Kapeti haling'oki. Na siku ya jua la nyuzi 32 uso wa kapeti unaweza kupita nyuzi 60. Ukilimwagia maji, baada ya nusu saa limerudi pale pale.

Wala nyasi isipewe msamaha. NFL inapima ugumu kwa nyundo ya Clegg, chuma cha kilo 2.25 kinachodondoshwa kutoka sentimita 46, na kikomo ni 100. Nyasi iliyolala juu ya udongo ulioganda inaweza kupita hapo. Ipimwe, na majibu yabandikwe kabla ya kila mechi ya timu zote mbili. Mchezaji wa Fire ana goti lile lile la mchezaji wa Bears.

Mwana-Ratiba

Dada Mizani, hilo la kubandika majibu nalichukua kama lilivyo.

Nilianzisha mada nikielekea kwenye kapeti, lakini maelezo ya Kokoto na Ukoka yamenibadilisha. Nyasi inawezekana. Kisichowezekana ni nyasi pamoja na ratiba ya kapeti. Park District wanapangisha uwanja kana kwamba hauoti.

Na muda ni mfupi. Kuanzia Julai 2027 MLS inahamia kalenda ya katikati ya Julai hadi mwisho wa Mei, na mapumziko kuanzia katikati ya Desemba hadi mapema Februari. Kwa Chicago maana yake ni mechi za Februari na Machi juu ya ukoka uliolala, mara tu baada ya Bears kumaliza kuuchimba. Fire wanajenga uwanja wao eneo la The 78, uliopangwa kufunguliwa 2028. Kipindi cha hatari ni huo msimu wa katikati.

Mapendekezo yangu kwa mkataba: jukwaa lolote likae upande mmoja, nje ya ukanda wa katikati, sakafu ya tamasha isilale juu ya nyasi zaidi ya saa 48, pasiwe na tamasha ndani ya siku 21 kabla ya mechi ya kwanza ya Bears, na kila tamasha lilipie mkeka litakaouua, fedha ziwekwe kabla. Ukoka, swali moja: baada ya jukwaa la mwisho, tarehe gani ndiyo mwisho wa kuweka ukoka mpya Chicago?

Ukoka Halisi

Tarehe 10 Septemba, nayo ni kwa mkeka mnene uliolimwa kwenye mchanga, wenye mizizi yote. Baada ya hapo udongo unapoa kuliko mizizi inavyoweza kukimbia. Ukilazimika kubadilisha Oktoba, usiweke ukoka kabisa. Weka bluegrass iliyochanganywa na rai, sentimita 4, kwenye ukanda wa katikati na mbele ya magoli tu, na ukitarajie kiraka hicho kishike kwa uzito wake, kwa sababu mizizi hakitapata hadi Aprili. Mei kikitoka, ukoka wa pembeni utakuwa umeamka. Zile siku 21 ulizoweka ni chache. Sema 28.