Mbweha: tuwatie sumu, au tuanze na mizoga tunayoitupa wenyewe?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Mbweha akinyakua mwanakondoo, wengi hukimbilia kutega nyama yenye sumu. Mimi napinga kabisa. Israeli walijaribu mwaka 1964: mbweha wa dhahabu wakakaribia kuisha, na wanyama wengine wasiohusika wakafa nao. Baadaye mbweha wakarudi kwa wingi, kwa sababu mabaki ya kuku na ng'ombe yaliendelea kutupwa ovyo. Ulaya nako wamesambaa hadi Estonia na Denmark. Huko binadamu alikuwa amewafyeka mbwa mwitu wa kijivu, wanaowazuia mbweha, na chakula cha bure kikabaki nje. Njia tumewafungulia sisi, halafu tunawahukumu kifo.

Mfuga kondoo: Mkuu, hasara si yako. Mtu ameamka amekuta wanakondoo wameraruliwa, unamwambia akazoe taka? Na kichaa cha mbwa je?

Mleta mada: Uchungu wako naujua, mkuu, wala siupuuzi. Kichaa cha mbwa mbweha hukibeba, ni kweli, lakini mara nyingi huambukizwa na mbwa wetu wasiochanjwa. Tuanzie hapo. Kuhusu kuua: watafiti Afrika Kusini waliwachunguza mbweha wa mgongo mweusi kwenye mashamba wanakowindwa sana. Wakakuta majike wanaanza kuzaa wakiwa wadogo, na vijana kutoka hifadhini wanahamia kwenye nafasi zilizoachwa. Unaua wenye eneo, unapokea wageni. Zizi imara usiku, mbwa wa kulinda kundi na mizoga kufukiwa kwa kina vitakusaidia zaidi.

Mchangiaji mwingine: Mimi nakubali mbweha mmoja aliyezoea mifugo apigwe risasi. Sumu hapana, maana tumbusi hufa kwa makundi juu ya mzoga mmoja. Tusisahau pia kazi yao: Serbia pekee, mbweha walikadiriwa kuondoa zaidi ya tani 3,700 za mabaki ya wanyama kwa mwaka, mbali na panya wa mashambani.

Mfuga kondoo: Sawa, sumu naiweka kando. Lakini uzio ni ghali. Nani alipe, mimi peke yangu?

Mleta mada: Hapana, mkuu. Machinjio na mashamba makubwa yanayotupa mabaki yao nje yachangie. Wao ndio wanaowalisha mbweha wanaokuja kwako.