Naomba ushauri: kumbukumbu za mama mkwe za kijijini Lavenham

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada, hasa kwa mliowahi kuandika habari za wazee wenu.

Mama mkwe wangu alizaliwa 1947 Lavenham, kijiji cha Suffolk huku Uingereza, kile chenye nyumba za mbao zilizopinda kwa uzee. Tunaishi naye. Wanangu wameniomba niandike habari za utoto wake kwa Kiswahili, ili na bibi yao wa Tanga azisome. Ana mengi, mpaka treni ya kijijini iliyoacha kubeba abiria 1961.

Nimekwama kwenye pipi. Mgao wa pipi wa tangu Vita vya Pili vya Dunia ulipoondolewa Februari 1953, anasema baba yake alimbeba mabegani hadi dukani, na huonyesha kwa vidole alivyomshika masikio asianguke. Kaka yake anakataa katakata: baba alikuwa mgonjwa kitandani, aliyembeba ni mjomba. Niliwakutanisha kwa simu, wakanuniana wiki nzima.

Nimejaribu pia kumrekodi. Akiona simu mezani ananyamaza, anaanza kukunjakunja ncha ya kitambaa cha meza.

Sasa, niandike masimulizi yote mawili, au nibaki na la mama, maana ndivyo anavyomkumbuka baba yake? Na mliorekodi wazee, mlifanyaje wakaizoea simu? Kumrekodi kwa siri sitaki kabisa.

Natanguliza shukrani.