Virutubisho kwa mwenye mafuta kwenye ini: kipi kina ushahidi, na kwa dozi gani?

KauntaDLDM:
Wakuu, habari za kazi. Dukani wanazidi kuja watu na karatasi ya altrasaundi: mafuta kwenye ini, daraja la 1 au la 2. Hospitali wameambiwa wapunguze uzito tu, basi wakifika kaunta wanaomba "dawa ya kusafisha ini". Rafu inayo vitamini E, omega-3, silimarini (dondoo ya mmea wa milk thistle), kapsuli za manjano na za chai ya kijani. Kipi kimethibitishwa, kiasi gani kwa siku, na nani asipewe kabisa?

MfamasiaZamu:
Anza na vitamini E, maana ndiyo yenye ushahidi wa kueleweka, ila ni kwa kundi dogo. Utafiti wa PIVENS wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, ulichukua watu wazima 247 wasio na kisukari wala sirosisi (makovu makubwa ya ini), ambao biopsi (kipande cha ini kilichopimwa kwa darubini) ilishaonyesha kuwa mafuta yameanza kuumiza chembe za ini na kuleta mchochota. Waliomeza IU 800 (IU ni kipimo cha kimataifa cha nguvu ya vitamini) kila siku kwa wiki 96, asilimia 43 walipata nafuu kwenye biopsi; waliopewa kidonge kitupu, asilimia 19. Makovu hayakupungua kwa kiwango cha kutegemewa.

Sasa mteja wako mwenye karatasi ya altrasaundi peke yake hajulikani kama yumo kwenye kundi hilo. Altrasaundi inaona mafuta, haioni mchochota. Kwa hiyo IU 800 si kitu cha kutoa kaunta bila daktari.

Daktari akiiandika, soma lebo. Iliyotumika ni ya asili, inaandikwa "d-alpha". Ya maabara inaandikwa "dl-alpha" na nguvu yake ni ndogo kwa uzito uleule. IU 800 ya asili ni takriban miligramu 536, yaani kapsuli 2 za IU 400, zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, la sivyo haifyonzwi vizuri.

Wa kumzuia: anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na aliyewahi kupata kiharusi cha kuvuja damu. Wanaume wa makamo nao waelezwe kabla: utafiti wa SELECT mwaka 2011 ulikuta saratani ya tezi dume imeongezeka kwa asilimia 17 kwa waliotumia IU 400 tu. Mwenye kisukari hakuwemo kwenye PIVENS, kwa hiyo usimpe kwa kunukuu matokeo yale.

DaktariWaNdani:
Nakazia hapo. Kabla ya kirutubisho chochote, mtu ajue ini lake lina makovu au halina. Hesabu ya FIB-4 inatumia vipimo vya kawaida: umri mara AST, kisha ugawe kwa chembe sahani (chembe za kugandisha damu, kwa maelfu) mara kipeuo cha pili cha ALT; AST na ALT ni vimeng'enya vya ini. Mfano, miaka 48, AST 40, ALT 60, chembe sahani 210: juu unapata 1920, chini 210 × 7.75, jibu 1.18. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Juu ya 2.67, aende kwa bingwa, asipoteze miezi kwenye kapsuli. Kwa aliyezidi miaka 65 kikomo cha chini ni 2.0.

Na apimwe homa ya ini B na C. Mafuta yanaweza kuwepo pamoja na virusi, na virusi haviondoki kwa silimarini.

LisheNaAfya:
Omega-3 inapunguza trigliseridi (mafuta ya kwenye damu), na mafuta ya ini kwa kiasi fulani; mchochota na makovu haijaonyesha kuyagusa. Watu wanakosea hesabu: kapsuli ya "miligramu 1000 za mafuta ya samaki" mara nyingi ina EPA 180 na DHA 120 (ndizo omega-3 zenyewe), jumla 300. Kufikisha gramu 2 za EPA na DHA unahitaji kapsuli 7 kwa siku. Anayemeza moja anatupa hela. Bora anunue dagaa. Dozi ya gramu 4 inaongeza hatari ya moyo kupiga bila mpangilio, hiyo ni ya daktari.

Silimarini: huko Malaysia walijaribu miligramu 700 mara tatu kwa siku, wiki 48, na lengo kuu la utafiti halikufikiwa. Haina madhara makubwa, ila usimuuzie mtu kama tiba.

Kinachofanya kazi ni kilo. Utafiti wa Kuba wa mwaka 2015 uliwafuata watu 293 kwa mwaka mzima: kadiri uzito ulivyopungua ndivyo ini lilivyopona, na waliopunguza asilimia 10 au zaidi ndio waliofaidika kuliko wote, hata kwenye makovu. Kwa mwenye kilo 90 hiyo ni kilo 9. Aende nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki; kujishindisha njaa kunaleta mawe kwenye nyongo na kunaweza kuzidisha mchochota. Aanze kwa kuacha soda na juisi za sukari.

KauntaDLDM:
Shukrani sana wakuu. Manjano na chai ya kijani je? Ndizo zinazoulizwa zaidi.

MfamasiaZamu:
Hizo ndizo zinaniogopesha. Manjano ya kwenye mchuzi hayana shida. Kapsuli zina dozi kubwa, tena nyingi zimechanganywa na dondoo ya pilipili manga ili zifyonzwe zaidi, na kumeripotiwa watu walioumia ini, mara nyingi ndani ya miezi michache. Chai ya kijani ya kikombe ni salama. Dondoo ya kapsuli siyo. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba EGCG (kiambata kikuu cha chai ya kijani) kuanzia miligramu 800 kwa siku inapandisha vimeng'enya vya ini. Kuimeza tumbo likiwa tupu kunazidisha hatari.

Akirudi macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au mwili unamwasha, aache kila kitu siku hiyohiyo, aende hospitali na chupa zote alizokuwa anatumia, pamoja na zile za mitishamba zisizo na lebo.