Naomba ushauri: makadirio ya mashapo ya mawe ya chokaa, Tanga

Ndugu wataalamu, habari za kazi.

Ninashughulikia makadirio ya mashapo ya mawe ya chokaa kaskazini mwa jiji la Tanga, upande wa Amboni, kwenye mwamba wa enzi ya Jurasiki ambao mapango yake yanajulikana na wengi. Mashimo ya kuchoronga yamepangwa kwa umbali wa takriban mita 200, na hadi sasa nimetumia njia ya poligoni, ambapo kila shimo hupewa eneo lake, kisha eneo hilo likazidishwa kwa unene wa tabaka na kwa tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo.

Kinachonisumbua ni mapango. Katika baadhi ya mashimo, sampuli zilizotoka ni fupi sana kuliko urefu uliochorongwa, nami siwezi kutambua kama pengo hilo ni uwazi halisi, udongo uliojaza ufa, au mwamba laini uliosagwa na kusombwa na maji ya kuchorongea. Nikilihesabu kuwa mawe, tani zinaongezeka bila ushahidi. Nikilitoa lote, huenda ninapunja. Mwenzangu anapendekeza kipunguzo kimoja cha tani kwa eneo zima, jambo ninaloliona la kubahatisha, kwa kuwa mapango hufuata mipasuko na hayatawanyiki sawasawa.

Pia magnesia (oksidi ya magnesi iliyomo ndani ya mawe) hupanda ghafla katika mashimo ya upande mmoja, na saruji, ambayo hutengenezwa kwa mawe ya chokaa, haivumilii magnesia nyingi. Je, niligawe eneo kabla ya kutafuta wastani? Na mashimo ya nyongeza niyaweke wapi kwanza?