MJADALA: Ndege za kivita zipangwe kwa aina, au zichanganywe kambi moja?

Wakuu, naliweka mezani. Utaratibu uliozoeleka ni kambi moja, aina moja ya ndege: ndege za mapigano kama F-16 huku, ndege za kuongeza mafuta angani kule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jenerali Merrill McPeak, mkuu wa Jeshi la Anga la Marekani, aliupindua. Kule Mountain Home, Idaho, akaweka F-15, F-16 na ndege za mafuta chini ya kamanda mmoja. Hoja yake: watakaopigana pamoja waishi pamoja.

Kwa upande wa marubani namuunga mkono. Anayelinda anga, anayepiga ardhini na anayebeba mafuta lazima wakutane hewani dakika ileile, na hilo halijifunzwi kwa simu. Ila kwa mafundi alikosea. Kila aina ya ndege ina vipuri vyake, vifaa vyake vya kupimia na mafundi wake. Ndege 60 za aina moja zikikaa pamoja, injini chache za akiba zinatosha. Zitawanye kambi tatu uone: kila kambi itadai akiba yake, na ndege zitalala hangani zikisubiri kifaa kilichopo kwa jirani. Mchanganyiko wa Mountain Home haukudumu.

— Mkuu, wewe unahesabu spana tu. Zoezi la Red Flag kule Nevada lipo tangu 1975 kwa ajili ya kuwakutanisha hawa, lakini ni wiki chache. Mkirudi makwenu mnakuwa wageni tena.

— Na kambi ya Pope, North Carolina, mmeisahau? Machi 1994, F-16 na C-130, ndege ya mizigo, ziligongana zikija kutua. Mabaki ya F-16 yakawafikia askari wa miamvuli waliokuwa chini, 24 wakafa. Kambi ile ilikuwa ya mchanganyiko. Sisemi mpangilio ndio ulioua, uongozaji wa ndege ulikuwa na makosa yake. Lakini kuiweka ndege ya kasi na ya mizigo kwenye foleni moja ya kutua ni kujitafutia kazi.

— Mleta mada hapa. La Pope nalipokea. Bado nasema kamanda awe mmoja, karakana zitengane. Sasa nijibuni: jeshi lenye ndege 20 tu, za aina nne, litatenganisha nini?